Besi ya Kaka Athumani na Redio ya Baba

Enzi zetu, mwenzangu, muziki ulikuwa na mlango wake na ukuta wake, na sisi watoto wa kike tuligawiwa ukuta. Wavulana walikwenda bugi, yale madansi ya mchana ya vijana, Jumapili alasiri, suruali zimebana mapajani na kupanuka miguuni, viatu vya soli nene, nywele zimechanwa zikasimama. Sisi tulibaki uani tukichambua mchele na kuwasikia wakirudi wakipiga kelele. Kama ulikulia Tanga, upande wa Ngamiani, miaka ile ambayo kila mtaa ulikuwa na bendi yake ya vijana, unajua ninachosema. Kama hukukulia huko, kaa kitako nikusimulie, maana leo nina muda. Kontena langu halijajaa, na mvua ya hapa Guangzhou haina dalili ya kukatika.

Kaka Athumani alikuwa kifungua mimba wa nyumba yetu na mimi kitinda mimba. Yeye na wenzake walikuwa na bendi yao, Mkonge Shakers, na mazoezi walifanyia kwenye stoo ya uani. Ukuta wa stoo ndio uliokuwa ukuta wa chumba chetu wasichana. Wakati huo nilikuwa na umri wa kufunga nusu siku na kujisifu kwamba nimefunga nzima. Kukanyaga stooni ilikuwa marufuku. "Mtoto wa kike hakai penye magitaa," mama alisema, na neno la mama halikuwa na rufaa. Basi nilikaa upande wangu, mgongo kwenye chokaa, harufu ya dagaa wa kukaanga ikiingia dirishani, nikasikiliza.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo limekuja kunilisha uzeeni. Ukuta haupitishi kila sauti. Mwimbaji wao, ambaye watu walisema alikuwa akijipinda kama anayeumwa tumbo, kwangu hakufika kabisa. Gitaa la solo lilifika limechoka, kama mtu anayeongea huku amefunikwa mto. Ngoma zilifika nusunusu. Lakini besi ya kaka ilipita kama vile ukuta haupo. Ilinigonga mgongoni, ikashuka kwenye kitanda cha kamba, ikatikisa kikombe cha bati kilichokuwa dirishani. Zile nyimbo za rock za vijana wa Kiingereza, ambazo Mkonge Shakers walizipiga kwa kuzikariri kutoka kwenye santuri, mimi nilizijua kwa besi yake tu. Nilipokuja kuzisikia zenyewe baadaye, nikiwa mtu mzima, nilishangaa kukuta kumbe kuna watu wanaimba juu yake.

Gitaa lile alilichagua mwenyewe, na wenzake hawakumsamehe haraka. Duka moja karibu na soko lilileta magitaa mawili ya besi kwa meli, na bendi ilikuwa na uwezo wa kuchukua moja. La kwanza lilikuwa refu, jekundu, zito, ubao mtupu, nyuzi zake za kukwaruza. Ukilipiga kwa kile kipande cha plastiki cha kuchapia, linang'ata. Ndilo lililokuwa kwenye picha za magazeti ya Kiingereza, na vijana walipoliona walianza kulishika kama bibi harusi. La pili lilikuwa fupi na jepesi, lina uwazi tumboni kama fidla za wapiga taarabu, nyuzi zake zimebapa na laini kama utepe. Lile halikung'ata. Lilisema duu, likanyamaza.

Kaka akachukua la pili. Walipomuuliza ana wazimu gani, aliwajibu maneno ambayo mama aliyarudia miaka mingi kwa kumcheka: "Lile jekundu linaongea na watu. Hili linaongea na nyumba."

Na kwa kweli liliongea na nyumba. Alipata spika kuukuu iliyotolewa kwenye jumba la sinema, akaifunga ndani ya sanduku la mbao la majani ya chai kutoka Usambara, akatoboa, akapigilia misumari, na sanduku lile likawa linatoa sauti ambayo mabati ya jikoni yaliitikia. Hakutumia plastiki. Alipiga kwa kidole gumba, kwa sababu, alisema, kidole gumba hakipotei. Kisha akaona lile duu linaning'inia, linachelewa kufa, linavuruga noti inayofuata. Akatafuta kitu cha kulinyamazisha. Alikata kipande cha blanketi, akakisokomeza chini ya nyuzi pale zinapofungwa, na sauti ikawa fupi na nene, kila noti imekaa mahali pake.

Tatizo ni kwamba blanketi lilikuwa la wageni. Lilikaa kwenye sanduku la mama pamoja na vidonge vya kufukuza nondo na karafuu, likitoka mara chache kama sahani za kaure. Shangazi alipokuja kutoka Pangani na kufunikwa lile blanketi, asubuhi aliuliza kwa adabu zake zote kama nyumba hii ina panya wanaokata kwa mkasi. Mama hakuhitaji kupeleleza. Alikwenda uani, akasimama mlangoni pa stoo, akasema, "Athumani, muziki wako sasa umeanza kula nyumba!" Bendi nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, upande wangu wa ukuta, nikiwa nimeziba mdomo.

Baba yeye alikuwa karani wa reli, na kitu alichokipenda baada ya Mungu na familia ilikuwa redio yake. Ilikuwa redio ndogo ya betri, imevaa koti la ngozi lenye matundu mbele, na ilikuwa na kitambaa chake cha kufutia ambacho hakikuruhusiwa kufuta kitu kingine. Hakuna aliyegusa kitufe. Jioni aliitoa, akaiweka dirishani ili na jirani wasikie, akazungusha kidogo kidogo kama anayepima dawa, mpaka Mwingereza akaanza kusoma habari. Kisha baba alitutazama wote na kusema, "Redio hii inafika London." Alisema hivyo karibu kila jioni, na sisi kila jioni tulipaswa kustaajabu upya. Vijana wa leo, ambao simu ikichukua pumzi mbili kufungua picha wanaitukana, hawawezi kujua raha ya kustaajabia chombo kilekile kila siku.

Baba hakuwa mkali wa fimbo, alikuwa mkali wa hoja. Alikuwa amemtafutia kaka nafasi kwenye karakana ya reli. Kaka yeye alitaka kuhamia Dar es Salaam na bendi, waishi kwa muziki. Walibishana wiki nyingi, mama katikati akipoza. Mwishowe Mkonge Shakers wakapata bahati ya kuitwa kurekodi wimbo mmoja kwenye studio za redio huko Dar, wimbo wao wenyewe, wa Kiswahili, lakini umevaa mavazi ya rock kutoka kichwani mpaka miguuni. Baba alimwita kaka barazani. Nilikuwa nyuma ya pazia, na maneno yake ninayo mpaka leo.

"Nenda karekodi. Siku wimbo wenu utakapopigwa, nitakaa hapa na redio yangu. Nikikusikia kwa masikio yangu, chukua gitaa lako uende, na radhi zangu unazo. Nisipokusikia, Jumatatu uko karakana. Tumekubaliana?"

Kaka alikubali huku anacheka. Nani amewahi kupiga katika bendi asisikike?

Habari za studio alinisimulia mwenyewe mara nyingi, na kila mara alianza kwa kusema kwamba kuta zote zilitundikwa mablanketi, tena mazima, na kwamba mama angeyaona angelia. Katikati ya chumba kulikuwa na kipaza sauti kimoja tu. Enzi hizo haikuwa kama sasa, kila mtu anarekodi peke yake, mpiga ngoma leo, mwimbaji wiki ijayo, wanakutana ndani ya kompyuta kama watu wasiosalimiana. Mliingia wote, mkapiga wote, utepe ukazunguka mara moja, na aliyekosea aliwakosesha wote. Hapakuwa na kitufe cha kumpunguza mtu sauti. Ukitaka kumpunguza mtu, unamsogeza mbali.

Fundi alikaa nyuma ya kioo, macho kwenye kijishale kinachopima ukali wa sauti. Kila kaka alipogusa uzi, kijishale kiliruka kikaingia kwenye wekundu. "Besi, rudi nyuma," fundi alisema. Kaka akarudi. Wakaanza tena, kijishale kikaruka. "Besi, rudi nyuma." Ikawa hivyo mpaka kaka mgongo wake ukagusa mlango. Bado kijishale kinacheza. Ndipo akaambiwa aligeuze lile sanduku la chai lielekee kwenye kona, kama mtoto aliyeadhibiwa darasani. Wakapiga. Fundi akatoa kichwa, amefurahi, akasema sasa ndiyo tumepata muziki. Kaka alipokuwa anatoka alimuuliza, "Lakini mimi nimo?" Fundi akamjibu, "Umo, kijana. Usiwe na wasiwasi."

Wimbo ulipigwa jioni ya Jumamosi. Nadhani mtaa mzima ulikuwa barazani kwetu. Mikeka ilitandikwa, mama alikaanga kachori akijifanya hana habari na chochote, na baba alikuja na redio ameikumbatia, akaiweka dirishani, akavaa kofia yake ya kitambaa cheupe kana kwamba anakwenda kwenye shughuli. Mtangazaji akataja jina, Mkonge Shakers kutoka Tanga, na mayowe yakapanda. Kisha baba akanyanyua mkono, wote wakanyamaza.

Alianza mpiga solo, mwembamba kama mbu. Akaja mwimbaji, safi kabisa. Ngoma zilisikika kama mtu anayetikisa kiberiti. Mimi, kwa mazoea, niliweka kiganja changu ukutani. Ukuta ulikuwa baridi na kimya. Nilimtazama kaka. Alikuwa ameinamisha kichwa karibu na lile koti la ngozi, sikio lake karibu liguse matundu, na tabasamu lake lilikuwa bado lipo usoni, limesahauliwa pale.

Wimbo ukaisha. Baba akazima redio ili kuhifadhi betri. Hakuwa na hasira, hilo nataka ulijue, wala hakufurahi. Alikuwa kama karani anayehesabu mizigo na mmoja haupo.

"Nimemsikia mwimbaji," alisema. "Nimesikia solo. Nimesikia hata mtu aliyekohoa mwishoni. Athumani, mbona wewe humo?"

"Nimo, baba," kaka alisema. "Nimo. Ni hii redio tu, haifiki kule chini."

Baba alimtazama. "Redio hii inafika London."

Watu wakacheka, barazani pote, kicheko kizuri kisicho na ubaya wowote. Kaka naye alicheka nao. Jumatatu alikwenda karakana.

Mkonge Shakers walimpata mpiga besi mwingine, kijana wa Chumbageni, na safari hii walichukua lile gitaa jekundu na kipande cha plastiki. Wimbo wao uliofuata ulipopigwa, besi ilisikika vizuri sana kwenye redio ya baba, ting ting ting, na baba akasema huyu sasa anajua kazi. Mpaka leo wazee wa mtaa wakizikumbuka siku zile humtaja huyo wa jekundu. Kaka alitundika gitaa lake msumarini, unyevu wa bahari ukalila gundi, na nyundo za karakana zikala masikio yake, kidogo kidogo, mpaka akastaafu akiwa mtu wa kuongeleshwa kwa sauti ya juu. Aligeuza jambo zima kuwa mzaha. Wakimpiga picha harusini husimama pembeni na kusema, "Haina haja, mimi huwa simo." Tulikuwa tunacheka. Mimi nilikuwa nacheka na moyo unaniuma. Baba alifariki akiamini alichokisikia, na hakuwa na sababu ya kuamini vingine.

Sasa mimi nilifikaje huku? Kama wengine. Nilifiwa na mume, nikaanza na vitenge vya soko la Shahe, nguo zikaniungua mkononi kwa mitindo kubadilika kila mwezi, nikahamia kwenye vyombo vya muziki. Leo hapa Xiaobei, kwenye mtaa wetu wa Waafrika, vijana wa Kariakoo wananiita Mama Sabufa. Nimezeeka nikiuza besi. Wao wanapima sabufa kwa nyimbo zao za kompyuta, ambazo zimetengenezwa ili hata ndoo ikiguswa iseme duu, kisha wanapeleka mzigo Dar na baada ya miezi mitatu simu za malalamiko. Mimi naweka kiganja nyuma ya boksi na kufumba macho. Wananicheka. Wacha wacheke, mimi nilisomea ukutani.

Katika kazi hii ndipo nilipoanza kumwelewa kaka, na kuielewa redio. Spika ndogo haiwezi kutoa sauti ya chini hata ukiisihi. Sauti ya chini inataka karatasi pana ya kusukuma hewa, na boksi lenye nafasi. Redio ya baba ilikuwa na spika isiyozidi kisosi cha kahawa. Ingefika London, ingefika na mwezini, lakini kule alikokuwa kaka isingefika. Lile jekundu lenye nyuzi za kukwaruza lilikuwa na sauti ya juu kidogo ndani ya besi yake, ule mkwaruzo, ule mlio wa plastiki, na redio ndogo iliudaka huo. Kaka alichagua gitaa lenye tumbo, nyuzi za utepe, kidole gumba na blanketi la mama. Alichagua kila kitu ambacho redio ndogo hukimeza.

Na nimekuja kujua haikuwa kwetu tu. Hata hao vijana wa Kiingereza tuliokuwa tukiwaiga, mafundi wao waliogopa besi. Ikizidi, sindano ya santuri inaruka mfereji wake, santuri zinarudishwa dukani. Basi waliikata, waliisukuma nyuma, mpaka wapigaji wakaanza kubadili magitaa na nyuzi na namna ya kuchapa ili wasikike kwenye redio za jikoni. Ule mlio wa rock ya miaka ile unaotupa ugonjwa wa kukumbuka ulitengenezwa na vidole vya watu, ndiyo, lakini pia na woga wa mafundi na udogo wa redio za baba zetu.

Mwaka jana Saidi, mtoto wa kaka Athumani, mwalimu huko Tanga, alinitumia kitu kwenye simu. Mtu fulani alikuwa amezinakili tepu za zamani, na mmoja wa nyimbo hizo ulikuwa ule. Ulinikuta dukani kwa laoban wangu, ndivyo tunavyowaita wenye maduka huku, nikiwa na sabufa kubwa mbele yangu nataka kuipima. Nikaunganisha waya wa simu.

"Mama, leo music gani hii?" laoban aliuliza. Tumefanya biashara miaka mingi na ameokota Kiswahili cha kutosha kunipiga chenga. "Ya zamani sana!"

"Ya kwetu hii, laoban. Ongeza."

Akaja mbu wa solo. Akaja mwimbaji. Nikaweka kiganja nyuma ya boksi, kama kawaida yangu, wala sikuwa nategemea kitu. Na chini kabisa, chini ya ngoma, chini ya sauti zote, kikanigonga kidole gumba cha kaka yangu. Duu. Duu. Fupi na nene, kila noti mahali pake, na blanketi la mama ndani yake. Alikuwemo. Fundi hakumdanganya. Kona ile aliyoelekezwa haikumficha, ilimbeba, maana kona huikuza besi. Alikuwemo tangu jioni ile ya kachori, ndani ya wimbo, akipiga, na sisi sote tumekaa barazani tunamwambia hayumo.

Niliketi juu ya katoni nikalia, tena kwa sauti.

Laoban alishtuka. "Mama! Mei wenti, mei wenti, hakuna shida! Sabufa nzuri, haina problem!" Nikaendelea kulia. Akatazama huku na huku, wateja wanamwangalia. "Okay, Mama, usilie. Nakupa bei poa. Bei poa sana!" Akashusha bei mwenyewe, bila mimi kufungua mdomo. Wafanyabiashara wenzangu waliposikia wakaniomba niwafundishe mbinu hiyo.

Nilimpigia kaka palepale, simu ya video, Saidi akamshikia. Nikaweka wimbo. Alisikiliza huku amekunja uso, mkono nyuma ya sikio.

"Ni ule ule, Mwanahawa," alisema. "Namsikia mwimbaji kwa mbali. Mimi simo."

"Umo, kaka! Umo! Nimekusikia sasa hivi!"

"Mdogo wangu, tumeshazeeka. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Alikata simu kwa upole. Nilibaki nimeishika, na ndipo nilipoitazama ile simu, na kijitundu chake cha sauti kisichozidi punje ya mchele. Mama Sabufa mzima! Miaka yote nauza besi, nimempelekea kaka yangu besi yake kwa kitu kidogo kuliko redio ya baba. Kilifika Tanga kutoka Guangzhou kwa kufumba na kufumbua, na kule chini hakikufika.

Sabufa ile sikuiuza. Niliiandika jina la Athumani kwa kalamu nene pande zote, nikaipakia kwenye kontena lililokuwa linakwenda bandari ya Nansha kupakiwa melini, nikamsumbua wakala mpaka akaanza kuniona kwenye ndoto. Kisha nikasubiri, na kusubiri huko kulinitesa. Meli ilichelewa, bandarini Dar kukawa na foleni, na katikati ya hayo Saidi akaniambia masikio ya baba yake yanazidi kuzima, sasa hata adhana ya msikiti wa jirani haisikii. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba boksi litafika kwa mtu aliyekwisha kuwa kiziwi, na baba atakuwa amemshinda mwanawe kwa mara ya pili, akiwa kaburini, bila hata kujua.

Lilifika. Saidi aliliweka kwenye ile stoo yetu, ambayo siku hizi wanahifadhia baiskeli na magunia ya mkaa, akaniwashia video. Kaka alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kanzu safi, kofia kichwani. Saidi akaweka wimbo. Uso wa kaka haukubadilika.

"Sisikii kitu," alisema. "Kuna mtu anaongea mbali."

Hapo nikakumbuka, nikapiga kelele mpaka mpangaji jirani yangu akagonga mlango.

"Saidi! Mwambie aegemee ukuta! Ule ukuta wa chumbani! Na mkono auweke juu ya boksi!"

"Mkono gani, shangazi?"

"Wowote! Aegemee tu!"

Saidi akamsogeza. Kaka akaegemeza mgongo kwenye chokaa, upande wake wa ukuta, na kiganja cha kushoto akakilaza juu ya boksi. Wimbo ukaanzishwa tena. Mimi huku kwenye simu sikusikia besi hata kidogo, nilimsikia mbu na mwimbaji. Lakini nilimwona kaka. Mkono wa kulia uliokuwa gotini ukaanza kucheza. Kidole gumba kilishuka, kikapanda, kikashuka, kikawahi mahali wimbo unapogeuka kabla haujageuka, na nikajua kwamba kinajua kinakokwenda.

Hakunitazama mimi. Alitazama mlangoni, upande wa baraza, pale kiti cha baba kilipokuwa kikiwekwa.

"Nimo, baba," alisema. "Nimo."

Siku hizi kila kijana ana muziki wake masikioni, wa juu na wa chini, kamili, haumpungukii kitu, na aliyekaa naye kiti kimoja hajui anasikiliza nini. Sisi tulikuwa na redio moja mtaa mzima, na ilikuwa inakata nusu ya muziki, lakini tuliikusanyikia, tukacheka pamoja, tukakosea pamoja. Sijui kipi bora. Najua tu kwamba nimepeleka makontena mengi sana nyumbani, na kama kungekuwa na meli inayorudi nyuma, ningepakia boksi moja tu. Lingeshushwa barazani kwetu jioni ile ya Jumamosi, kabla baba hajazima redio ili kuhifadhi betri.